Goti Nililiponya, Bega Sikuliona

Nilifanya mtihani wa kidato cha nne nikiwa na miaka thelathini na minne, baada ya kusoma masomo ya jioni na watu wazima wenzangu katika darasa ambalo mchana lilikuwa la chekechea. Viti vilikuwa vidogo hata magoti yakanifikia masikioni, na historia yote ya Kenya naijua kwa kuitazama katikati ya magoti mawili. Nilipopata cheti nilitembea nacho Isiolo nzima, kutoka stendi mpaka soko la mifugo, na kama kuna ngamia ambaye hakukiona, basi siku hiyo alikuwa Moyale.

Cheti hicho ndicho kilinipeleka kwenye mafunzo ya kompyuta, na mafunzo ndiyo yalinipa kibanda changu mkabala na ua wa kliniki: mashine ya kopi, kamera ya picha za pasipoti, na kompyuta moja kuukuu. Nadhani Nuhu aliitumia kuorodhesha wanyama. Feni yake ikianza kuzunguka, watu waliokuwa wakipita barabarani walitazama juu wakidhani ndege inatua. Lakini ndani yake nilikuwa nimeweka programu ya bure ya kutengeneza katuni, zile ambazo mtu anajengwa ndani ya mashine mzimamzima, mpaka unaweza kumzunguka na kumtazama kisogo. Nilijifunza kuitumia kwa kukosea kila kinachoweza kukosewa, mara mbili mbili.

Jirani yangu upande wa kushoto alikuwa fundi wa mabango, Mturkana mrefu mwenye rangi chini ya kucha zote kumi. Nusu ya mji ilichorwa na mkono wake: mbuzi wa bucha, jino la daktari wa meno, vichwa vya kinyozi vinavyofanana vyote na binamu yake. Siku niliyofaulu kuufanya mpira udunde kwenye skrini nilimwita aje aone. Aliutazama ukidunda mara tano.

"Nani amechora huo mpira?"

"Mimi."

"Wewe umebonyeza. Kuchora imechora mashine. Wewe hapo ni tanboi tu, dereva ni huyu," akaionyesha kompyuta kwa kidole, "na hata yeye anakohoa."

"Na hiyo brashi yako je? Si chombo pia?"

"Brashi haijui mpira ni nini. Nikilala, inalala. Hii yako ukienda choo inaendelea na kazi."

Hapo alikuwa amenishika, kwa sababu ni kweli. Nilikuwa naiacha usiku kucha ikipika picha peke yake, na asubuhi nazikuta zimeiva. Kwa miaka kadhaa tulibishana hivyo, yeye akiwa juu ya ngazi na mimi mlangoni. Kwangu ulikuwa utani. Sikudhani ingefika siku uache kuwa utani.

Serikali ya kaunti ilikuwa bado mpya wakati huo na kila idara ilitaka kuonekana. Upande wa afya walitaka filamu fupi ya kuonyesha kwenye runinga ya chumba cha kungojea pale kliniki: mama mjamzito anatoka nyumbani mapema, anatembea, anafika salama. Mtu mwingine wa katuni hakuwepo mjini, labda hata kati yetu na Ethiopia, kwa hivyo wakaja kwangu. Nikaitwa mbele ya kamati. Watu saba mezani, na kila mmoja alikuwa na mama yake kichwani.

Nilimchora amejitanda mtandio. Wakasema huyo ni Mborana, watu wa kutoka milimani wataona hospitali si yao. Nikamvika sketi na sweta. Mmoja akauliza kama huyo ni mama yangu mwenyewe nimemtoa Meru. Nikaweka shanga shingoni, wawili wakasema Mturkana, wawili wakasema Msamburu, na karibu wagombane. Nikampa mzigo abebe. Hiyo ndiyo ilikuwa mbaya zaidi, maana huku kwetu ukimwona mwanamke kwa mbali amebeba maji, kabla hujaona uso unajua kwao ni wapi: huyu kichwani, huyu mgongoni, huyu kwa kamba ya paji la uso. Baada ya mikutano elfu moja (ilikuwa minne), yule mama wa katuni alibaki na mikono mitupu, amevaa gauni la kijani ambalo halijawahi kuvaliwa na kabila lolote chini ya jua, na kitambaa kilichofika nusu ya kichwa, ili Mkristo aone kilemba na Mwislamu aone heshima.

"Umezaa mama wa kamati," fundi wa mabango akasema. Jina likamkaa.

Tatizo lilikuwa kutembea. Ndani ya programu unamjenga mtu kwa mifupa kwanza, kisha unamvika ngozi, kisha unaisogeza mifupa kidogo kidogo, picha kwa picha. Mifupa nilikuwa nayo. Lakini mama wa kamati alitembea kama nguo iliyoanikwa kwenye kamba, akipepea tu, miguu haigusi chini. Nilikuwa nahangaika hivyo alipoingia mwanamke aliyekuwa akiniletea maziwa.

Alikuwa muuzaji wa maziwa ya ngamia, mzaliwa wa upande wa Biliqo, akikaa mtaa wa Chechelesi hapa mjini. Kila asubuhi alipita na mitungi yake ya manjano, na kikombe changu alikipima na matusi madogo ya bure. Utotoni ngamia alimpiga teke kwenye goti la kushoto, likapona vibaya, kwa hivyo alichechemea. Ungemsikia kabla ya kumwona: hatua moja nzito, moja nyepesi. Siku hiyo aliweka mitungi chini, akaitazama skrini.

"Huyu ni malaika ama ni nini?"

"Ni mama anaenda kliniki."

"Na hiyo tumbo amebeba, ni upepo? Wewe Mmeru, wewe umewahi kuona mtu mwenye mimba? Mtu wa mimba anatembea na ardhi. Tazama." Akatoka nje, akatembea kutoka ukuta wa fundi hadi mlango wangu, mkono mmoja kiunoni. Wakati huo yeye mwenyewe alikuwa na mimba ya miezi minne, ya kwanza, aliyoingoja miaka mingi.

Nikamwomba arudie nimchukue video kwa simu.

"Uso usichukue," akasema. "Uso una mwenyewe. Miguu chukua, si kila asubuhi naitembeza bure hapa."

Basi nikamchukua kuanzia mabegani kushuka chini. Alitembea mara tatu, fundi akimpigia makofi kutoka kwenye ngazi, na mara ya tatu alicheka katikati. Hiyo sikuitumia.

Kazi yenyewe nitaieleza kwa kifupi. Niliiweka video yake nyuma, na mbele yake nikaiweka mifupa ya mama wa kamati. Kisha picha kwa picha nikaulaza kila mfupa juu ya mwili wake: kifundo juu ya kifundo, nyonga juu ya nyonga. Yaani nilikuwa namvua mwendo, kama unavyomvua mtu koti, na kumvika mwingine. Nilipobonyeza, mama wa kamati aliteremka kutoka hewani akasimama kwenye ardhi. Nywele zilinisimama. Alikuwa yeye, na mguu mmoja mzito, na mmoja mwepesi, chini ya gauni la kijani na uso usio wa mtu.

Afisa wa afya aliitazama akakunja uso. "Mbona anachechemea?"

"Ndivyo anavyotembea."

"Nani?"

Nikaifuta skrini vumbi kwa mkono wa shati.

"Mama wa kaunti hawezi kuchechemea," akasema. "Watu watasema ni sisi tumemvunja. Mrekebishe."

Nikamrekebisha. Kwa siku mbili nilikuwa daktari bingwa wa mifupa. Nililinyoosha goti la kushoto katika kila picha mpaka hatua zote zikalingana. Nilijivuna sana. Nilimwambia fundi kwamba hakuna hospitali duniani ingeweza kazi hiyo bila kisu.

Kitu kimoja tu kilinishinda, nacho ni mlango. Kumfanya mtu ashike mlango, aufungue, apite, halafu ndani kuwe na ndani: kompyuta yangu ilipofika hapo ilikohoa na kuzima. Kwa hivyo filamu iliishia kwenye mlango wa kliniki. Anatoka nyumbani, anavuka uwanda, anafika mlangoni, muziki unapanda, basi. Dakika mbili. Runinga ikarudia mwanzo.

Mwenye mwendo, yule wa maziwa, alikuja kuiona. Alisimama katikati ya chumba cha kungojea na mitungi yake, akacheka mpaka akashika ukuta. "Umenipa miguu ya msichana wa mjini," akasema. "Nirudishie yangu." Wiki chache baadaye alienda kwa mama yake upande wa Biliqo, ili akajifungulie huko, kama wengi wanavyofanya kwa mtoto wa kwanza. Nilimwambia, kwa mdomo wangu, kwamba filamu yetu inasema kinyume. Akaniambia filamu haina mama.

Mvua ikanyesha juu milimani na mto Waso ukajaa. Uchungu ulipomzidi walimpandisha kwenye lori wamlete hospitali, na lori lilisimama upande wa pili wa maji. Mtoto alizaliwa hapo hapo akiwa hai. Yeye hakuvuka.

Nilipata habari kwa mwanamke mwingine aliyeniletea maziwa asubuhi moja. Alipima kikombe, akakiweka, hakunitania. Nikauliza, akaniambia. Fundi alishuka kwenye ngazi, akakaa chini na brashi mkononi mpaka rangi ikakauka nayo.

Sasa kutoka kiti changu, dirisha la chumba cha kungojea lilionekana waziwazi, na kupitia dirisha hilo kona ya runinga. Gauni la kijani linapita. Linafika. Linatoweka. Linaanza tena. Kliniki ilikuwa wazi kwa muda wa saa nane kila siku, filamu ni dakika mbili. Mimi ni mtu wa kuzidisha mambo, kila anayenijua anajua, lakini hapa sizidishi: mara mia mbili na arobaini kila siku alitoka nyumbani akaelekea mahali ambapo hakufika. Nikahamisha kiti changu kikatazama ukuta. Muziki ukanifuata. Nilianza kujua, bila kugeuka, yuko wapi: sasa amepita mti, sasa yuko kwenye daraja, sasa mlango. Nilikuwa napiga mtu picha ya pasipoti na mdomo wangu unahesabu hatua. Ningeweza kuwaambia waitoe. Kila asubuhi nilisema leo nitaenda, na kila asubuhi niliona kuitoa ni kama kumzika kwa mkono wangu mwenyewe.

Miezi mitatu ilipita hivyo. Kisha akaja mama mzee mwembamba, amejifunga mtoto mgongoni, akasimama mlangoni bila kuegemea.

"Salaam aleikum."

"Aleikum salaam, mama. Karibu. Ni kopi?"

"Ni wewe unamtembeza msichana wangu?"

Sikuuliza msichana gani. Nilimpa kiti. Hakukaa.

"Mimi sasa nakaa kwa nyumba yake Chechelesi, nakuja kliniki hii kila wiki, mtoto kupimwa, uzito yake iko chini," akasema. "Wanasema kaa hapo, ngoja namba. Nakaa. Naangalia tivi. Siku ya kwanza nilisema mimi ni mzee, macho imeharibika. Siku ya pili nilijua."

"Lakini mama, uso si wake. Nguo si zake. Hata ile..." nikasita. "Hata mguu."

"Goti umeponya," akasema. "Bega hukuponya."

Nikageuza kiti changu nikaiwasha filamu mbele yake. Akanionyesha kwa ukucha juu ya kioo. Kabla ya mguu wa kushoto kushuka, bega la kushoto linapanda kidogo, upana wa unywele tu, kama mtu anayeingia kwenye maji baridi. Kila hatua. Tangu lile teke la ngamia, kabla ya kuukanyagia mguu ule, alikuwa akijiandaa kwa maumivu, na bega ndilo lililojiandaa. Mama yake aliliona miaka yote. Mimi nilikuwa nimelaza mifupa juu ya bega hilo picha mia tisa na sikuliona hata mara moja. Nilikuwa nimeondoa kuchechemea, nikaacha maumivu.

"Nitaitoa, mama," nikasema. "Leo hii."

"Nimesema utoe?"

Nikauondoa mkono kwenye kibodi.

"Anafika kwa mlango, mnamrudisha. Anatembea tena, anafika, mnamrudisha. Mimi nimekaa hapo na mtoto wake, naona. Amekosea nini?" Hakupandisha sauti. Aliuliza kama mtu anayeuliza ofisini. "Mwingize. Mkalishe chini apumzike. Basi."

Nikakumbuka ile video kwenye simu. Sijui kwa nini nilidhani ni zawadi. Nikamwambia ninayo, yeye mwenyewe, si katuni. Akauliza kama uso upo. Nikasema alikataa uso.

"Alifanya vizuri," akasema. "Hiyo weka. Hapo alikuwa mzima, hana shida. Anayesumbuka ni huyu wa hospitali."

Alipoondoka, fundi aliyekuwa amesikia yote alikuja akasimama nyuma yangu. Nilimrudishia filamu polepole, nikamwonyesha bega.

"Basi tumemaliza ubishi," nikasema. "Unaona? Mama amemjua mtoto wake. Hiyo si sanaa ni nini? Mbuzi wako wa bucha nani amewahi kumjua?"

Alilitazama lile bega muda mrefu. "Wewe uliliona?"

"Hapana."

"Basi hukulichora. Limepita ndani ya mashine kama mwizi anavyopita kwenye ua. Mimi kitu nisichokiona hakiwezi kutoka kwenye brashi yangu." Kisha, kwa upole ambao haukuwa kawaida yake, "Na sasa ametaka akae. Kukaa hukumpiga video."

Hilo ndilo nililokuwa nikiliwaza tangu yule mama mzee alipotamka. Mwendo niliuazima. Kukaa hakukuwa na mahali pa kuazima.

Mlango niliushinda kwa wiki mbili na kompyuta ya kuazima. Kuketi kulinitesa zaidi. Kwanza nilijipiga video mwenyewe nikikaa kwenye benchi, nikailaza mifupa juu yangu, na matokeo yalikuwa ya kuchekesha na kutisha kwa pamoja: mama mjamzito anakaa kama karani aliyechoka na mafaili. Siku ya kliniki mzee alipopita nikamwonyesha.

"Hivyo anakaa mwanaume anangoja chai," akasema.

"Yeye alikaaje, mama?"

Akaniangalia kama ninamwomba kitu kizito. Kisha akamfungua mtoto mgongoni akampa fundi, ambaye alimpokea kwa mikono yenye rangi nyekundu, amemnyoosha mbali na shati lake kama kitu cha moto. Mzee akashuka. Sakafu ya kibanda changu ni saruji iliyopasuka. Aliweka mkono wa kulia chini kwanza, akaunyoosha mguu wa kushoto mbele bila kuukunja, akauachia mwili ushuke kwa mkono, si kwa miguu. Alipofika chini alikaa kidogo amejishika, kisha bega la kushoto likateremka. Hilo lilikuja mwisho kabisa, baada ya yote. Likateremka kama mtu anayetua mtungi.

Simu ilikuwa mezani. Niliiona, na naapa sikuigusa. Nilichukua karatasi mbovu ya kopi na kalamu, nikamwomba arudie kama anaweza, na yule mzee akarudia mara tatu kwenye saruji ile, bila neno, akiwa binti yake. Mimi nachora vibaya. Nilichora kama kuku anayetafuta mahindi. Fundi, na mtoto kifuani sasa, alitazama karatasi yangu akasema tu, "Uzito umeuweka kiunoni. Uko kwenye mkono. Angalia vidole vyake."

Nikaangalia vidole. Vilikuwa vimepanuka na kupauka kwenye ncha.

Niliusogeza kila mfupa kwa mkono, bila video, nikiwa na karatasi nne zimebandikwa ukutani. Sijawahi kutazama kitu hivyo maishani. Nilipomaliza, mama wa kamati aliufungua mlango, akaingia, akapita mabenchi, akashuka sakafuni kwa mkono wa kulia, na bega lake likateremka mwisho. Kisha nikaona kitu cha kutisha: akishafika chini alikuwa kama maiti. Mtu aliyetulia kabisa kwenye skrini anafanana na gogo. Kwa hivyo nikampa pumzi. Ni kazi rahisi, kifua kinapanda na kushuka, unairudia. Na ili asirudishwe nyumbani tena, hiyo sehemu ya mwisho niliirefusha mpaka saa ya kufunga kliniki. Filamu ya saa nane: dakika mbili na nusu za kutembea na kukaa chini, na siku nzima ya kuketi na kupumua. Nina hakika ni filamu ndefu kuliko zote kaskazini ya Mlima Kenya, na yenye vitu vichache zaidi.

Afisa aliuliza ujumbe uko wapi. Nikamwambia amefika. Akafikiri, akasema sawa, lakini ni kwa wiki moja kwanza.

Siku ya kliniki, asubuhi kabla runinga haijawashwa, nilikaa benchi la nyuma. Fundi alikuja pia, amenawa mikono. Mzee aliketi chini ya runinga na mtoto, akatazama juu. Mama wa kamati akatembea. Akafika mlangoni, na niliuona mgongo wa mzee ukikaza. Mlango ukafunguka. Akaingia, akashuka, akaketi. Mimi nilikuwa nalia kimyakimya na kujisifu papo hapo, maana naweza yote mawili.

Mzee akageuka, akanitafuta kwa macho, akaniita kwa kidole.

"Kukaa umempa," akasema, taratibu, wengine wasisikie. "Mungu akulipe. Na hiyo pumzi umetoa wapi?"

"Ni kompyuta tu, mama. Ni kifua kinapanda na kushuka."

"Kupumua najua. Mimi nilimshika ikiisha." Akatazama tena juu, pale kifua kilipokuwa kikipanda chini ya gauni la kijani. Midomo yake ilikuwa inatembea pamoja nacho, inapanda, inashuka, na nilielewa kwamba angekaa hapo mpaka jioni akipumua naye, na wiki ijayo, na nyingine. "Hiyo si yako ya kupeana. Toa."

Nikachomoa flashi yenye filamu kwenye runinga nikavuka barabara kwenda kibandani. Fundi akanifuata. Kuondoa pumzi ya mtu kwenye programu ile ni kuchagua alama zote za kifuani na kubonyeza mara moja. Mkono wangu ulikaa juu ya kitufe muda mrefu. Niliwaza maneno mengi ya kujitetea: kwamba kila mtoto anajua katuni ni uongo, kwamba kazi yangu yote ni kusogeza vitu, na anayeniambia niache kusogeza ananiambia niache kazi. Sikuyasema. Nikabonyeza. Kifua kikasimama, na hakuwa tena gogo. Sijui kwa nini. Labda kwa sababu bega lilikuwa limeteremka na sasa hakuna kitu cha kulipandisha.

"Sasa umetengeneza picha isiyosonga," fundi akasema nyuma yangu. "Mimi nimeifanya hiyo miaka ishirini."

"Wewe ungeweza kuichora hii?"

Aliinama karibu na skrini. "Mwanamke ameketi ningechora," akasema. "Kwamba ametoka mbali, hapana. Hiyo ningekosa mahali pa kuiweka." Kisha akatoka. Hakuwahi kuniambia kama ni sanaa ama si sanaa, na mimi sikumuuliza tena. Nikiulizwa mimi, nasema mashine ilibeba ambacho sikukiona, na hiyo sehemu siwezi kuiita yangu. Lakini kule kukaa nilikuona, na nilikuona kwa kuonyeshwa.

Nikairudisha filamu kliniki. Ilipofika mwisho na mama akatulia, afisa alipita akaigonga runinga ubavuni. "Imekwama."

"Haijakwama," nikasema. "Ameketi."

Mzee alikuwa ametazama mara moja tu. Muuguzi akaita namba yake. Alimkaza mtoto kwenye nguo, akashika benchi, akainuka, akaingia ndani mtoto apimwe.